Kusikiliza Vifito: Sauti Inayotawanyika Ndani ya Mfupa wa Sifongo

Hotuba kwa walimu wa sayansi, wahudumu wa afya na wanafunzi wa kidato cha sita, Iringa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa sayansi, wauguzi na wataalamu wa mionzi mliobadilishana zamu ili mfike hapa, wanafunzi wa kidato cha sita, na wazee wetu mlioketi mbele: kamwene. Nawashukuru kwa kuja katika asubuhi ya baridi ya Julai namna hii.

Jambo ninalotaka kulieleza ni moja. Kujua wingi wa mfupa wa mtu hakutoshi. Lazima tujue pia mfupa huo umepangwaje, na sauti inayotawanyika ndani yake hubeba habari za mpangilio huo, ikiwa tutajifunza kuisikiliza kwa subira na bila kuisingizia yale ambayo haikuyasema.

Wiki iliyopita nilikwenda buchani pale Mashine Tatu nikamwomba muuzaji anikatie kwa msumeno kipande cha kichwa cha mfupa wa paja la ng'ombe, unene wa kidole. Nyumbani nilikichemsha, nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni mara nne, nikakisugua kwa mswaki wa zamani mpaka mafuta na uboho vikatoka. Ndicho hiki kinachopita mikononi mwenu. Ukikitazama kwa mbali unaona sifongo, na ndiyo maana tunauita mfupa wa sifongo. Lakini kiinueni kuelekea dirishani mkitazame kwa karibu: hakuna matundu yaliyotobolewa ovyo, bali kuna vijiti vyembamba na vibamba vilivyoungana, vingine vimesimama, vingine vimelala, na katikati yake mwanga unapenya. Nimevitafutia jina la Kiswahili, nami nitaviita vifito, kwa sababu kila aliyekulia kijijini huku ameona ukuta wa nyumba ya miti kabla haujakandikwa udongo: nguzo zimesimama, fito zimelala, kamba zimefunga. Mfupa umejengwa kwa akili ileile. Kwa binadamu kifito kimoja kina unene wa milimita 0.1 hadi 0.2 hivi, na nafasi kati ya kimoja na kingine mara nyingi ni kati ya nusu milimita na milimita moja. Nafasi hizo hujazwa na uboho.

Vifito havikuwekwa mahali pamoja milele. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga upya kwa kufuata mzigo unaoubeba. Kisigino cha mama aliyepandisha mlima na mzigo wa kuni kwa miaka 30 kina historia ya mzigo ule iliyoandikwa kwa vifito. Umri ukisogea, hasa kwa mwanamke baada ya kukoma hedhi, kazi ya kubomoa mfupa inaizidi kazi ya kuujenga, na hapo ndipo ugonjwa wa osteoporosisi unapoingia kimyakimya. Mgonjwa haumwi kitu mpaka siku anapoteleza kwenye tope na nyonga inavunjika.

Sasa nawaomba wanafunzi wa fizikia wanisikilize vizuri. Katika pingili za uti wa mgongo, vifito vilivyolala ndivyo hutangulia kupotea, na vile vilivyosimama hubaki kwa muda mrefu zaidi. Mtu anaweza kudhani hasara ni ndogo, maana mzigo unabebwa na vilivyosimama. Lakini kanuni ya Euler, ile ya nguzo ndefu inayopinda inapokandamizwa, inatuambia kwamba uwezo wa nguzo kubeba hupungua kwa mraba wa urefu wake usioegemea kitu. Ukiondoa ufito mmoja uliokuwa unaishika nguzo katikati, urefu huo umekuwa mara mbili, na mzigo unaoweza kuipinda nguzo hiyo umeshuka hadi robo. Uzito wa mfupa uliopotea ni mdogo sana, ila nguvu iliyopotea ni kubwa. Fundi yeyote wa nyumba za miti analijua hili bila kumsoma Euler.

Kipimo kinachotegemewa duniani kote kwa ugonjwa huu ni kile cha eksirei za nishati mbili, kinachoitwa deksa. Hutoa jibu kwa gramu za madini kwa kila sentimita ya mraba, na Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 1994 kwamba mwanamke ambaye jibu lake liko mikengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu ya watu yanavyotofautiana na wastani) 2.5 au zaidi chini ya wastani wa wanawake vijana wenye afya ahesabiwe kuwa na osteoporosisi. Nakiheshimu kipimo hicho, na hakuna nitakachosema leo kitakachokiondoa mahali pake. Hata hivyo deksa hupima miti kwa uzito. Haiwezi kueleza kama fito bado zimefungwa kwenye nguzo au zimeanguka.

Tuje kwenye sauti. Mnunuzi wa matofali ya kuchoma huku kwetu haridhiki na rangi ya tofali. Hushika mawili akayagonganisha, na yaliyoiva hulia kama chuma, mabichi hutoa sauti bubu. Anasikiliza umbo la ndani asilolioona. Ultrasaundi ni sauti vilevile, isipokuwa idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, ambayo nitaiita masafa, ni kubwa mno kwa sikio la binadamu. Hutolewa na kristali zinazotetemeka zikipewa umeme, na kristali zilezile zikitikiswa na mwangwi hurudisha umeme, tabia ambayo ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliigundua mwaka 1880.

Wengi wenu mnaifahamu ultrasaundi ya kliniki ya wajawazito, ile inayochora picha ya mtoto. Kwa nini basi tusichore picha ya vifito? Tufanye hesabu. Katika uboho au maji sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwa masafa ya megahezi 0.5, yaani mitetemo 500,000 kwa sekunde, ambayo hutumika sana kwenye mfupa, urefu wa wimbi ni 1,500 gawanya kwa 500,000, yaani milimita 3. Kifito kina milimita 0.1 au 0.2. Wimbi ni kubwa kuliko kifito mara 15 hadi 30, na wimbi kubwa kiasi hicho haliwezi kuchora umbo la kitu kidogo hivyo. Tukiongeza masafa ili wimbi liwe fupi, mfupa unaimeza sauti. Nyama ya mwili hupunguza sauti kwa karibu nusu desibeli kwa kila sentimita kwenye megahezi moja. Mfupa wa sifongo mara nyingi hufikia desibeli 10 na hata zaidi, na kila desibeli 10 maana yake nguvu ya sauti imebaki sehemu moja ya kumi. Picha haipatikani. Kinachopatikana ni mtawanyiko.

Mtawanyiko wenyewe mmeuona. Aliyesafiri alfajiri kutoka Mafinga kwenda Makambako wakati wa ukungu anajua kwamba dereva akiwasha taa kubwa, mwanga unamrudia machoni badala ya kwenda mbele. Kila tone la ukungu limeupokea mwanga na kuurusha pande zote. Lakini ukungu ni mweupe, na saa nne ukungu ukiondoka anga juu yenu ni la bluu. Tofauti ni ukubwa wa vitawanyishi. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Molekuli za hewa ni ndogo mno kuliko wimbi, nazo, kama Lord Rayleigh alivyoeleza mwaka 1871, hutawanya kwa kipeo cha nne cha masafa, ndiyo maana bluu, yenye masafa makubwa, hutawanywa kuliko nyekundu. Kwa sauti ya nusu megahezi, mfupa wa sifongo ni kama anga kuliko ulivyo kama ukungu: vitawanyishi ni vidogo kuliko wimbi, hivyo nguvu ya mwangwi hutegemea sana masafa na hutegemea sana unene wa kifito. Hapo ndipo habari ilipojificha.

Tofauti ni kwamba kifito si punje ya mviringo. Ni kama silinda ndefu, na nadharia ya sauti inayopiga silinda ngumu ilikuwa imekwisha kuandikwa na James Faran wa Marekani mwaka 1951, bila yeye kufikiria mifupa hata kidogo. Kwa silinda nyembamba kuliko wimbi, mwangwi unaorudi nyuma hukua kwa kipeo cha tatu cha masafa, si cha nne, na kwa kipeo cha nne cha nusukipenyo. Mwaka 1999 Keith Wear, mtafiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, alichapisha vipimo vya mifupa ya visigino vya binadamu vilivyoonyesha kwamba mwangwi wake hukua kwa kipeo kilicho karibu na tatu. Nilipoisoma kazi hiyo nikiwa mwanafunzi, nilikaa nayo usiku kucha. Mfupa ulikuwa umejibu kwa sauti yake kwamba umejengwa kwa vijiti.

Naomba mnivumilie kwa hesabu moja zaidi, kwa kuwa ndiyo kiini cha hotuba hii. Chukueni vifito vinne vya nusukipenyo kimoja, na pembeni kifito kimoja chenye nusukipenyo mara mbili, vyote vya urefu sawa. Eneo la mkato la vile vinne ni sawa kabisa na la kile kimoja, kwa hiyo mfupa uliomo ni kiasi kilekile. Deksa haiwezi kuvitofautisha. Sasa vipigeni sauti. Kila chembamba kinarudisha mwangwi wa nguvu moja, jumla nne. Kile kinene kinarudisha mbili kwa kipeo cha nne, yaani 16. Wingi uleule, mwangwi mara nne. Na ukumbuke kwamba ugumu wa kijiti cha mviringo dhidi ya kupinda nao hukua kwa kipeo cha nne cha nusukipenyo. Sababu za mambo haya mawili hazifanani, moja ni ya mawimbi na nyingine ya ujenzi, lakini kwa mtu anayetafuta kipimo cha uimara ni bahati njema kwamba yanakwenda pamoja. Kifito kikipungua unene kwa asilimia 20 tu, mwangwi wake unashuka hadi asilimia 41.

Historia ya kutumia hili hospitalini ilianza kwa njia nyingine, ya sauti inayopita badala ya inayorudi. Mwaka 1984 Christian Langton na wenzake nchini Uingereza waliweka kisigino kati ya probu mbili ndani ya maji, moja ikitoa sauti na nyingine ikipokea, wakaona kwamba kati ya megahezi 0.2 na 0.6 upotevu wa sauti hupanda karibu kwa mstari ulionyooka kadiri masafa yanavyoongezeka, na kwamba mwinamo wa mstari huo unawatofautisha wanawake waliovunjika nyonga. Kisigino kilichaguliwa kwa sababu nzuri: sehemu kubwa yake ni mfupa wa sifongo, pande zake mbili zinakaribia kuwa sambamba, nyama iliyokifunika ni kidogo, na hubeba mwili mzima. Mwaka 1996 matokeo ya utafiti mkubwa wa Ufaransa, uliofuatilia wanawake zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, yalionyesha kwamba kipimo hiki cha kisigino kinaweza kuashiria hatari ya kuvunjika nyonga kwa kiwango kinachokaribiana na deksa. Hakuna mionzi, na mashine inabebeka.

Hata hivyo sauti inayopita hupotea kwa njia mbili kwa pamoja: sehemu inamezwa ikawa joto, sehemu inatawanywa. Mwinamo wa Langton unazichanganya. Mwangwi unaorudi hutuletea ile ya pili peke yake kwa uwazi zaidi, na una faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: hauhitaji pande mbili. Probu moja inatuma, ileile inasikiliza. Kisigino unaweza kukizunguka, lakini nyonga na uti wa mgongo, mahali ambapo mivunjiko inaua na kulemaza, hufikiwa kwa upande mmoja tu.

Lazima niseme na ugumu wake. Mwangwi wa maelfu ya vifito hufika kwa pamoja. Pengine mawimbi hukutana kilele kwa kilele yakajazana, pengine kilele na bonde yakafutana, hata ukisogeza probu milimita chache usomaji unaruka juu au chini ilhali mfupa ni uleule. Dawa yake ni kupima sehemu nyingi na kuchukua wastani; vipimo 25 vya mahali tofauti hupunguza kuyumba huko hadi sehemu moja ya tano. Tena kabla sauti haijafika kwenye vifito inavuka ngozi, mafuta na gamba la mfupa mgumu, ikapungua kwenda na kurudi, na asiyesahihisha upungufu huo atapima unene wa mafuta ya mgonjwa akidhani amepima mfupa. Tena kuna mwelekeo: sauti inayosafiri sambamba na vifito haifanani na inayovikata. Watafiti wa Japani, Hosokawa na Otani, walionyesha mwaka 1997 kwa mfupa wa ng'ombe kwamba wimbi moja linaweza kugawanyika likawa mawili, moja la haraka linaloongozwa na vifito na moja la polepole linalopita zaidi kwenye uboho.

Na kuna hewa. Nikiwa nafanya vipimo vyangu vya kwanza, katika maabara ambayo sitaitaja, nilipata mwangwi mkubwa kuliko wowote niliousoma, nikaandika kurasa sita za furaha. Asubuhi yake niliutazama mfupa chini ya taa nikaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania ndani ya vitundu kama mayai ya chawa kwenye nywele. Kipovu kimoja cha hewa hutawanya sauti kuliko vifito vingi vilivyokizunguka. Nilikuwa nimepima hewa. Tangu hapo sipimi mfupa wowote kabla ya kuuzamisha ndani ya maji na kunyonya hewa kwa pampu ya ombwe, saa baada ya saa, mpaka vipovu vikome kupanda.

Kuhusu mpangilio wenyewe, ukweli hauna budi kusemwa mbele ya wahudumu wa afya. Sampuli za mifupa zilipopimwa kwa sauti na kisha kupigwa picha za kompyuta zinazoonyesha kila kifito, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ya mwangwi hufuatana na wingi wa mfupa, na mchango wa mpangilio peke yake ni mdogo kuliko hesabu yangu ya vifito vinne na kimoja inavyoahidi. Mfupa halisi haukupangwa kwa ajili ya mtihani: unapopoteza wingi, unapoteza unene na viungo kwa wakati mmoja. Kuyatenganisha ndiyo kazi iliyobaki, nami naamini inafaa kufanywa.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ya shangazi yangu. Alipimwa kisigino mara moja katika zoezi la upimaji la siku moja, miguu ikiwa ya baridi kutoka shambani, na mpimaji akachukua namba ya mashine akailinganisha na kile kipimo cha 2.5 kilichowekwa kwa ajili ya deksa. Akamwambia mifupa yake imekwisha. Namba za mashine za sauti hazilingani na za deksa wala zenyewe kwa zenyewe, joto la mguu hubadilisha usomaji, na kipimo kimoja hakitoshi. Lakini shangazi hakujua. Aliweka jembe chini, akaacha kwenda kisimani, akakaa barazani miezi minane akiogopa kuanguka. Mfupa usiobebeshwa mzigo unabomoka, Wolff alisema. Kilichompata hakikutoka kwenye sauti. Kilitoka kwa aliyeisemea. Ndugu zangu wauguzi, mashine ya namna hii ikifika kwenu, jibu lake limwelekeze mgonjwa kwenye uchunguzi zaidi, lisiwe hukumu.

Walimu wameniuliza nini kinaweza kufanyika kwenye shule na vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini. Kwa kuanzia, mifupa haikosekani, buchani ipo. Probu za megahezi 0.5 au moja, kadi ya kunasa mawimbi na kompyuta ya kawaida vinatosha kupata mwangwi, na programu za kuchambua masafa zinapatikana bure. Mwanafunzi akipata kipeo kilicho karibu na tatu kwa mikono yake mwenyewe, ameelewa anga na mfupa kwa siku moja. Pia vijiti vya nailoni vya unene unaojulikana, kama nyuzi za kuvulia samaki, vikipangwa kwenye fremu ndani ya maji, huwa mfupa bandia ambao unaujua kila kifito chake, nao ndio wa kufanyia mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa.

Beseni liko pale mezani. Kipande cha pili cha mfupa uleule kimezamishwa tangu jana mchana, na pampu ilizimwa alfajiri baada ya kipovu cha mwisho. Wanafunzi watangulie, wanne wanne, na kila kundi lisogeze probu mara 25 na kuandika kila usomaji, hata ule usiowapendeza.